Tabibu wa Nafsi na Lugha Zake Mbili



Wasomaji wetu wapendwa, miongoni mwa maswali yanayoletwa katika safu hii, hasa na akina mama, liko moja lisilojibika kwa mistari miwili. Mtu wa nyumbani mwetu anapozidiwa na huzuni au wasiwasi, na daktari akashauri apelekwe kwa mwanasaikolojia, je, huyo mwanasaikolojia amesomea nini hasa, na atamfahamu vipi mama yetu ambaye umri wake wote ameishi kwa Kiswahili cha huku kwetu Pwani?

Swali hili lina pande mbili, na aghalabu watu hushika upande wa kwanza wakauacha wa pili. Huuliza kama mtaalamu ana shahada, kama ni mwanamke, kama ni Muislamu, na ada yake ni kiasi gani. Yote hayo yana mahali pake. Lakini ni wachache mno wanaouliza: yeye hutibu kwa lugha gani? Leo twataka kukaa na swali hilo, maana twaona kwamba mara nyingi ndilo linaloamua kama mgonjwa atarudi kwa kikao cha pili, au atabaki nyumbani na kusema, "Nilikwenda, sikuona faida."

Kuhusu masomo yake tutasema kwa ufupi. Hapa Kenya mtu husomea saikolojia shahada ya kwanza kwa miaka minne, kisha anayetaka kutibu huendelea na shahada ya uzamili kwa miaka miwili au zaidi. Ndani ya muda huo hutakiwa akae na wagonjwa chini ya jicho la mtaalamu aliyemtangulia, amweleze yaliyopita katika vikao, na akosolewe. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 yataka kila atoaye huduma hii awe amesajiliwa. Huyu si daktari wa maradhi ya akili. Daktari huyo alisoma udaktari wa mwili kwanza, kisha akabobea, na ndiye mwenye ruhusa ya kuandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Chombo chake cha kazi ni mazungumzo.

Na hapo ndipo penye jambo letu. Masomo yote tuliyoyataja hufanywa kwa Kiingereza: vitabu, mihadhara, mitihani, ripoti, hata yale maigizo ya darasani ambapo mwanafunzi mmoja hujifanya mgonjwa na mwenzake tabibu. Kiswahili cha darasani kwa wengi wao kilikoma Kidato cha Nne, kwa ufahamu, insha na fasihi. Akihitimu, kijana wetu ana lugha mbili kinywani, lakini taaluma yake ina lugha moja. Anaweza kununua samaki kwa Kiswahili, kutoa salamu za rambirambi kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili, wala hajapata kufundishwa namna ya kumkalisha mtu aliyevunjika moyo na kumwuliza, kwa Kiswahili, kilichomvunja.

Chukueni neno moja tu, mawazo. Katika taaluma hiyo mojawapo ya tiba zinazotumika sana ni ile ya kuchunguza fikra. Iliasisiwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960. Mgonjwa hufundishwa kuzikamata fikra zinazompitia kichwani, kuzipima kama ni za kweli, na kuona jinsi zinavyoendesha hisia na vitendo vyake. Mtaalamu aliyeisoma kwa Kiingereza hutafuta neno la Kiswahili, huliona "mawazo", na humwuliza mgonjwa, "Una mawazo gani?" Lakini kwetu sisi kuwa na mawazo si kufikiri. Ni kusumbuka. Mwanamke mwenye mawazo ni yule asiyepata usingizi, anayekaa mbele ya sahani ya wali ukapoa. Basi mama wa watu, asiyependa kuonekana analalamika mbele ya mgeni, hujibu, "Sina mawazo, alhamdulillahi." Mtaalamu naye huandika kwamba mgonjwa hakuweza kutaja fikra yoyote. Hakuna aliyesema uongo hapo. Neno limewapita wote wawili.

Tena iko hiyo alhamdulillahi yenyewe. Mtoto wa Kiswahili hulelewa akijua kwamba ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni la adabu. Hata aliyetoka kuzika husema hajambo, kisha ndipo aeleze. Maamkizi yetu yana ngazi, na habari ya kweli huja ngazi ya tatu au ya nne, baada ya kuulizwa watoto, wazee na majirani. Mtaalamu aliyefunzwa kwamba kikao ni dakika 50 na swali la kwanza ni "unajisikiaje?" hupewa jibu la adabu na kulidhani ndilo jibu. Yule anayejua lugha kwa ndani huvumilia. Huacha maamkizi yaende mwendo wake, na huuliza tena baadaye kwa mlango mwengine.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwili. "Moyo wanienda mbio." "Kifua kimenibana." "Kichwa kizito, kama nimebebeshwa gunia." Mwanamke husema maneno hayo hospitalini, hupimwa moyo, hupimwa damu, huambiwa ni mzima, na hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Hatusemi kwamba vipimo ni makosa. Kifua kinachobana ni lazima kitazamwe na daktari wa mwili kwanza, na asiwepo wa kumzuia mtu kwa kusema ni fikra tu. Tunalosema ni kwamba vipimo vikishatoka salama, kauli ile haijafa. Kwa Kiswahili moyo ni kiungo na ni makazi ya huzuni kwa wakati mmoja, na msemaji hakutwambia ni upi kati ya mioyo hiyo miwili unaomwuma. Pengine hata yeye hajui.

Kuna jambo zito zaidi ambalo hatuwezi kulipita. Limeenea katika hospitali dodoso la maswali tisa la kupima huzuni iliyozidi mipaka, ile ambayo wataalamu wengine huiita sonona. Lilichapishwa Marekani mwaka 2001, limefasiriwa kwa Kiswahili na limetumika hapa Kenya. Huuliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, na kadhalika. Swali la tisa huuliza kama mtu amefikiria kwamba ni afadhali afe, au amefikiria kujidhuru. Muulizeni swali hilo mwanamke wa Kiislamu aliyelelewa akijua uzito wa jambo hilo mbele ya Mola wake. Atasema hapana, na atasema kwa ukali. Kisha robo saa baadaye, akizungumzia jengine kabisa, atasema, "Laiti Mola angenichukua usingizini nikapumzika." Au atasema amekwisha kumuusia dadake kuhusu watoto. Huyo amekwisha kulijibu swali la tisa. Amelijibu kwa namna ambayo lugha yake na dini yake zinamruhusu, na ni mwenye sikio la lugha hiyo tu atakayesikia.

Mtaalamu mjuzi akisikia maneno hayo huuliza waziwazi na kwa upole. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hilo limechunguzwa na wataalamu, na hofu yetu ya kwamba tutamfungulia mlango haina msingi. Nasi jamaa tukisikia maneno ya namna hiyo nyumbani, tusiyapokee kwa kukemea, "Astaghfirullah, usiseme hivyo," tukadhani tumemaliza. Tukae naye, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Baadhi ya familia zimekuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

Turudi kwenye lugha. Huenda msomaji akasema: mbona watoto wetu wote siku hizi wanajua Kiingereza, si wazungumze hicho? Wanajua, ndiyo. Lakini lugha uliyoikuta darasani haikuingii kama ile uliyoikuta mapajani mwa mama. Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa Waturuki waliojifunza Kiingereza baada ya utoto wao. Walifungwa vidoleni vifaa vya kupima unyevunyevu wa ngozi, maana ngozi hutoa jasho jepesi mtu anaposhtuka hata kama uso wake umetulia. Kisha wakasikilizishwa maneno ya lugha zote mbili. Yaliyoamsha ngozi zao kwa namna ya pekee yalikuwa makaripio ya utotoni kwa Kituruki, yale ya kumtia mtoto haya. Makaripio yayo hayo kwa Kiingereza hayakuwagusa hivyo. Nasi twajua bila ya kufungwa vifaa. Mwanamke wa miaka 40, mwenye ofisi na watu chini yake, mwambieni kwa Kiingereza kwamba amekosea na atawaeleza sababu zake kwa utulivu. Mwambieni "huna haya wewe" kwa sauti ya mama yake, muone atakavyokuwa.

Kwa hiyo maumivu ya utotoni yamehifadhiwa kwa lugha ya utotoni, na anayeyatafuta kwa lugha nyengine huenda akayapata yamekauka. Lakini ukavu huo una faida yake pia, na hapa ndipo twaona wengi wanaosifu lugha ya mama hukosa nusu ya habari. Lugha ya pili ni kama pazia. Kuna binti atakayeweza kusema kwa Kiingereza jambo alilofanyiwa ambalo kwa Kiswahili hawezi hata kulianza, kwa sababu maneno ya Kiswahili ya jambo hilo ni matusi matupu, au ni maneno ambayo kwao hayajapata kutamkwa mbele ya mtu mzima. Lugha ya shule humpa majina ya kitabibu, baridi, yasiyomchoma. Akilazimishwa aseme kwa Kiswahili siku ya kwanza, atanyamaza. Na akiachwa aseme kwa Kiingereza mwaka mzima, atasimulia vizuri sana bila ya kutoa chozi, na huenda akabaki alipokuwa.

Jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika mji wa Vienna, kati ya 1880 na 1882, daktari Josef Breuer alimtibu binti mmoja aliyeitwa Bertha Pappenheim, ambaye vitabu vilimficha kwa jina la Anna O. Binti huyo alikuwa akimwuguza baba yake mgonjwa, na baba akafariki. Katika maradhi yake ilimpotea lugha yake ya Kijerumani, akawa hasemi ila Kiingereza, lugha ya kusomeshwa. Ni yeye, mgonjwa mwenyewe, si daktari, aliyeipa tiba ile jina lake, na alilitoa kwa Kiingereza: tiba ya kuzungumza. Mara nyengine, kwa mzaha, aliiita kufagia dohani. Breuer na Sigmund Freud waliichapisha habari yake mwaka 1895, na taaluma nzima imekuwa ikijinasibu na kisa hicho tangu hapo. Haki ya historia ni kuongeza kwamba hakupona upesi kama walivyoandika. Alilazwa tena baada ya hapo, na ilimchukua miaka kusimama. Aliposimama akawa mtetezi mkubwa wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na mwaka 1904 aliasisi jumuiya yao.

Basi mwanasaikolojia wa lugha mbili aliyeiva hufanyaje? Tumeona kwamba wazuri wao hawachagui lugha moja wakaifungia mlango ya pili. Humwambia mgonjwa siku ya kwanza kwamba lugha zote zinakaribishwa, na kuchanganya si kosa. Kisha husikiliza ni wapi mtu anapovuka. Anayesimulia kwa Kiswahili ghafula akaingia Kiingereza, amefika mahali penye moto na ameshika kitambaa asiungue. Mtaalamu humwacha apite. Siku ya tatu au ya kumi, mtu akishapata nguvu, humrudisha kwa upole: "Lile neno ulilolisema kwa Kiingereza, nyumbani kwenu lingesemwaje?" Mara nyingi kazi ya kweli ya kikao huanza hapo. Na maneno ya taaluma yasiyo na mwenzake kwa Kiswahili huyatengeneza pamoja na mgonjwa, kwa maneno ya mgonjwa. Akisema "kitu kinanikaba hapa," basi hicho ndicho jina lake, na watakuwa wakiulizana kila wiki kama kile kikabacho kimelegea.

Asidhani mtu kwamba hili ni ndoto. Zimbabwe wamelifanya. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi 14 kukaa na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati. Hawakutumia jina la Kizungu la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu mtaani alilijua. Na hatua ya kwanza ya tiba wakaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na kina bibi hao walipata nafuu zaidi ya waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Sisi wa Pwani, tuliokuwa na masomo na makungwi wa kumkalisha binti na kuzungumza naye mambo ya ndani kabisa, hatuna sababu ya kuiona tiba ya mazungumzo kuwa kitu kigeni.

Wengine wasiwasi wao si wa lugha bali wa dini: kwamba taaluma hii imekuja na mafundisho yasiyo yetu. Mtu anayefaa kutajwa hapa ni marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan. Alizaliwa Rufaa mwaka 1932. Baba yake, Sheikh Babiker Badri, ndiye aliyefungua shule ya wasichana mjini humo mwaka 1907, wakati ambapo jambo hilo lilionekana kuwa la ajabu. Mwana alisoma Chuo Kikuu cha Marekani kilichoko Beirut, kisha Leicester huko Uingereza, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1961. Alikuwa mtu wa lugha mbili kwa maana tunayoizungumzia: aliisoma taaluma kwa Kiingereza, na alikuwa na wagonjwa ambao maisha yao na imani yao vilikuwa kwa Kiarabu. Mwaka 1975 aliwahutubia wataalamu wa Kiislamu huko Marekani, akawashutumu kwa kuyabeba mafundisho ya Magharibi bila ya kuyachuja. Hotuba hiyo ikazaa kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1979.

Watu humtaja Badri kana kwamba aliikataa saikolojia. Hivyo sivyo. Alikuwa mkali kwa nadharia za Freud kuhusu asili ya mwanadamu, lakini mbinu zilizojaribiwa zikafaa, kama zile za kumzoesha mwenye hofu kidogo kidogo na kile anachokiogopa, alizichukua na kuzitumia, akiziingiza katika lugha na imani ya mgonjwa. Alifariki Februari 2021. Miaka minane kabla ya kufa kwake ilitoka tafsiri yake ya Kiingereza ya sehemu ya kitabu cha Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia. Al-Balkhi aliandika kuhusu siha ya mwili na siha ya nafsi ndani ya kitabu kimoja. Aliyagawa maradhi ya nafsi mafungu manne: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Tena akatenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile inayomjia mtu bila ya yeye kujua itokako, jambo ambalo madaktari wa leo wamelijadili sana. Yatazameni maneno hayo manne. Hakuna bibi wa Lamu wala wa Kilindini asiyeyajua. Yamo katika Kiswahili chetu kwa karne nyingi, na mwanafunzi wetu wa saikolojia hutoka chuoni bila ya kuambiwa kwamba alikuwa nayo tangu utotoni.

Yabaki mambo ya kutenda. La kwanza ni mkalimani. Mtaalamu asipokijua Kiswahili cha mgonjwa, jepesi ni kumwita binti wa miaka 12 aliyemsindikiza mama yake, "kwani yeye Kiingereza chake kizuri." Twaomba sana jambo hili likome. Mama hawezi kusema mbele ya mwanawe kwamba ndoa imemshinda, wala kwamba kuna siku alimtazama mtoto mchanga asihisi kitu. Atachagua maneno, na mtoto naye atapunguza yatakayobaki, kwa kumstahi mama yake au kwa kuogopa. Kisha mtoto atakwenda nayo shule kesho. Mume kuwa mkalimani kuna taabu zake ambazo hatuna haja ya kuzieleza. Na mavyaa pia. Bora muuguzi mwanamke wa hospitali ile, aliyeapa kutunza siri, kuliko jamaa wa karibu.

La pili, familia ina haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Umesajiliwa? Umewahi kutibu kwa Kiswahili, au ni kwa Kiingereza tu? Neno la lahaja yetu usipolifahamu, hufanyaje? Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na maswali hayo, na jibu la "nitamwuliza mgonjwa anieleze" ni jibu zuri kuliko "mimi najua Kiswahili chote." Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hiyo anayeomba kuhudumiwa kwacho haombi hisani. Vilevile mwanamke aweza kuomba mtaalamu mwanamke. Asipopatikana, si utovu wa adabu kuomba muuguzi wa kike awe karibu, au mlango usifungwe kabisa.

Kuhusu kisomo cha ruqya, hatuoni ugomvi. Anayesomewa na asomewe, na aende kwa mtaalamu pia. Tunachokikataa ni yule anayemwambia mgonjwa atupe dawa alizoandikiwa na daktari ili kisomo kifanye kazi. Dawa za maradhi ya akili zikikatwa ghafula huweza kumrudisha mtu mahali pabaya kuliko alipotoka.

Tena akitoka kikaoni, tusimngoje mlangoni na "Kakwambia nini?" Yaliyosemwa mle ni amana. Mtaalamu mwenyewe hafunguliwi kuyatoa ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhuriwa, au sheria ikimtaka. Tumtengezee chai, tumwache. Akitaka kusema atasema.

Na kabla ya kwenda mara ya kwanza, chukueni karatasi mwandike yale mgonjwa anayoyasema nyumbani, kama anavyoyasema, kwa lahaja yake, bila ya kuyageuza yawe Kiswahili cha redio wala Kiingereza. Akisema "nafsi yanisuta," andikeni hivyo. Akisema amechoka na hakufanya kazi yoyote, andikeni. Mpeni yeye mwenyewe karatasi hiyo aishike, aingie nayo, na aitoe au asiitoe kwa kadiri atakavyoona.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu barua zinazohusu mama aliyejifungua na kukosa usingizi hata mtoto anapolala. Wabillahi tawfiq.